Wakala Asiyekunywa Chai

Kila nikimkumbuka Wakala uso wangu hupata joto. Si hasira wala si huzuni, ni aibu tu, na nimeizoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Watu wengine wana wazee wao wa kuwataja kwa majivuno kwenye sherehe. Mimi nina huyu, mtu mrefu, mwembamba, aliyepinda upande mmoja kwa sababu ya kubeba cherehani miaka mingi kwa mkono uleule wa kulia.

Tulikaa jengo moja huko Wheaton, Marekani, yeye ghorofa ya chini karibu na chumba cha mashine za kufulia, sisi ghorofa ya tatu. Jina lake tulilijua, lilikuwa limebandikwa kwenye sanduku lake la barua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Wakala. Watoto wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walimwita Babu Wakala bila kulazimishwa na mtu. Alilipenda jina hilo. Ukimwita muuzaji alikusahihisha kwa upole kana kwamba umekosea cheo cha mtu mwingine.

Aliuza vitu viwili: cherehani za umeme, na vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa ensaiklopidia, safu nzima yenye majalada mekundu na maandishi ya dhahabu mgongoni, pamoja na kitabu kinene cha tiba za nyumbani ambacho ulipewa kama nyongeza. Kampuni ilikuwa imemwachia "watu wenu", yaani sisi, maana Wamarekani wa wakati ule walishaacha kuwafungulia milango watu wenye mikoba. Basi Wakenya, Watanzania na Wakongomani, kuanzia Wheaton mpaka Laurel mpaka Germantown, ndio waliokuwa shamba lake. Sisi hatujui kumfungia mtu mlango usoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake, na kwa kuwa aliijua, ndiyo iliyokuwa ikimtesa.

Kazi yake aliipamba kwa historia. Bosi wake, Mmarekani mzee aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, alikuwa amemsimulia habari za mawakala wa zamani, wa miaka mia na zaidi iliyopita, katika miji midogo ya nchi hii. Mtu mmoja na farasi wake na gari la mbao, ndani ya gari mna cherehani, Biblia kubwa zenye picha, vitabu vya dawa, wakati mwingine hata kinanda. Wakala wa aina hiyo, alituambia, alifika mji ambao hauna duka la maana, akalala kwa watu, akawafundisha akina mama kushona, akawasomea barua zao, na mwaka uliofuata akirudi anakuta mtoto amepewa jina lake.

"Walikuwa watu wa kutegemewa," alisema. "Wakigombana, wanamngoja wakala apite awasikilize."

Hapo ndipo ungemjua mzee yule alitaka nini. Pesa alizitaka kama sisi sote, lakini kilichomkosesha raha ni kwamba hapa ugenini hakuna aliyemhesabu kuwa mzee. Umri alikuwa nao, busara alikuwa nayo, na Kiswahili chake cha Tanga kilinyooka hata ukimsikia anaomba chumvi unaona kama anahutubia. Lakini kukiwa na msiba au harusi, wazee walioketishwa mbele walikuwa wengine, watu wa ofisini, watu wa ubalozini. Yeye alipangiwa kusimamia maegesho ya magari. Alikuwa akiyasimamia vizuri, huku amevaa tai.

Nisijifanye nilikuwa tofauti na wengine. Nimewahi kulala chali nyuma ya sofa langu mwenyewe, mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, kwa sababu nimemsikia Wakala kwenye ngazi. Binti yangu Lulu akaenda mlangoni akasema, "My mom says she's sleeping."

"Mwambie alale vizuri," nikamsikia akijibu, na viatu vyake vikashuka ngazi polepole.

Na kumsikia ilikuwa rahisi. Gari lake aliliegesha mbele kabisa ya mlango wa jengo mahali panapoonekana kutoka madirisha yote, akafunga mlango wa gari kwa kishindo, kisha akaanza kukohoa tangu ghorofa ya kwanza. Nilidhani ni kifua. Siku moja nikamuuliza.

"Mzee, si ukikohoa hivyo watu wanajificha?"

"Ndiyo maana nakohoa, Mama Lulu. Anayetaka kujificha mpe nafasi ajifiche. Ukimfumania atanunua kwa sababu ya haya, na mashine ya namna hiyo hairudi peke yake, inarudi na maneno."

Kwa hiyo alijua. Muda wote nilipokuwa nyuma ya sofa nikijiona mjanja, alijua, na alikuwa amenipa muda wa kufika pale.

Halafu kulikuwa na hili la chai. Akija na mkoba, hakunywa kitu nyumbani kwako. Chai hapana, maji hapana, hata karanga. Aliketi kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na ukimletea kikombe alikifunika kwa kiganja. "Ahsante mama, mimi nikiwa kazini sinywi." Jumapili alikuja bila mkoba, akanywa vikombe vitatu na kumaliza mandazi, akacheka mpaka watoto wakatoka vyumbani kuja kuona kuna nini. Lakini siku ya mkoba, hata ungelia machozi hakunywa.

Sisi Wakenya tuliona ni kiburi cha Mtanzania. Mume wangu alimwambia waziwazi, "Mzee, hii chai haina bill, kunywa tu."

"Nikinywa chai yako ninakuwa mgeni wako," alimjibu, "na mgeni huwezi kumwambia hapana. Sasa nikishakunywa nikakufungulia vitabu, nitakuwa nimekula kwako mara mbili."

Mume wangu aliniangalia, akatingisha kichwa, na tukanunua cherehani. Hakuna aliyetulazimisha.

Kuuza kwake cherehani kulikuwa na utaratibu. Aliiweka mezani, akaichomeka umeme, akapitisha uzi, kisha akasema, "Nileteeni kitu kilichochanika." Kwa sentensi hiyo alizijua nyumba zote za watu wetu. Kuna waliojibu kwamba kwao hakuna kitu kilichochanika, na watoto wamesimama pale soksi zimetoboka. Wakongo wa ghorofa ya pili walimletea shati jipya na mkasi wakamwambia achane mwenyewe. Kwangu mimi, Lulu alikimbia chumbani akarudi na sare yangu ya kazi.

Inabidi nieleze. Kanisani, na katika simu zote nilizopiga Bungoma, nilikuwa nafanya kazi ya ofisi katika hospitali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiwageuza, nikiwabadilisha nepi. Sare ile ilikuwa ya rangi ya zambarau, imechanika kwapani, maana mzee akiogopa kuanguka anashika chochote. Ilikuwa na doa ambalo halikutoka. Mtoto akaiweka mezani mbele ya Wakala kama mtu aliyeleta tuzo.

Nilitaka sakafu ifunguke. Wakala aliichukua sare, akaigeuza ndani nje, akashona kwapa kwa mishono miwili inayofuatana, akakata uzi kwa meno. Hakuuliza. Jumapili iliyofuata, mama mmoja kanisani aliponidadisi kuhusu ofisi yangu, akamgeukia Wakala apate ushahidi wa jirani, Wakala alisema, "Huyu? Huyu watu wa pale wangekwama bila yeye." Akaendelea kula keki. Nilishukuru, lakini nisidanganye, nilimchukia kidogo pia. Ni vigumu kumpenda mtu aliyeishika sare yako.

Na yeye alikuwa na ya kwake ya kuficha. Barua zake za nyumbani Tanga zilisema yeye ni mwakilishi wa kampuni ya elimu. Beji ya kampuni, yenye picha yake akitabasamu kwa kulazimishwa, aliivaa akifika mlangoni na kuivua akitoka. Siku moja nilimkuta ndani ya duka kubwa la Wheaton, pale karibu na ngazi za umeme, ameketi nyuma ya meza yenye cherehani chini ya bango, anawashonea Wamarekani vitambaa vya majaribio. Aliponiona alisimama akaanza kuzungumza nami kama tuliokutana njiani, ameipa ile meza mgongo. Nami nikashiriki, nikamuuliza kama amekuja kununua viatu.

"Ndiyo, nimeviona, lakini bei," akasema.

Tukaagana kwa heshima zote.

Upande wa vitabu alikuwa na kituko kingine. Hakutembea na safu nzima, nani angeibeba? Alikuwa na ukanda wa karatasi ngumu uliokunjwa, ukiukunjua unaona migongo yote ya vitabu imepangwa, nyekundu na dhahabu, ili uone vitakavyopendeza ukutani kwako. Pamoja nao alikuwa na juzuu moja ya mfano. Alipoifungua alipitia ramani, mwili wa binadamu wenye kurasa za plastiki, sayari, vipepeo. Kisha alifika mahali fulani akageuza kurasa mbili kwa pamoja, kidole gumba kimebana.

Lulu ndiye aliyemkamata. Akauchomoa ule ukurasa chini ya kidole. Ilikuwa ni sisi: Afrika ya Mashariki, nusu ukurasa, na picha ya mtu aliyevaa kipande cha ngozi amesimama mguu mmoja akitazama ng'ombe. Hakukuwa na mji, barabara, wala mtu aliyevaa shati.

"Is that you guys?" binti yangu akauliza.

Wakala alitazama ile picha muda. "Huyu ni jirani yetu," akasema mwishowe. "Sisi siku ya kupiga picha tulikuwa kazini."

Tulicheka wote, lakini niliona masikio yake yalivyobadilika rangi. Vitabu alivyokuwa akiwauzia watu wetu ili watoto wao waijue dunia, vilikuwa na ukurasa wa kufichwa na kidole, na mtu wa kuuficha alikuwa yeye. Nilimuuliza siku nyingine kwa nini anaendelea kuviuza. Alisema kurasa nyingine zote ni nzuri. Yeye mwenyewe hakuwa na kitabu hata kimoja nyumbani kwake, isipokuwa kile cha tiba, alichokiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Mdogo wangu Wekesa alimpenda binti wa Kitanzania wa Laurel, Neema. Baba yake Neema alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni inayofanya kazi za serikali, mtu wa nguo zilizonyooka kwa pasi, na alituma neno kwamba anataka taratibu zifuatwe: mshenga aje na barua ya posa, azungumze. Kwetu Bungoma tungejua la kufanya, ni wajomba na ng'ombe na kelele. Lakini mshenga! Na Kiswahili chetu chenyewe kile cha kukwaruza, katikati ya sentensi unaingiza "actually". Tukatazamana. Kisha mume wangu akasema, "Si tuko na Wakala?"

Nilishuka kumwambia mimi mwenyewe. Alikuwa anapika ugali. Aliuzima moto, akanawa mikono, akavaa koti, ndipo akaketi kunisikiliza, kama kwamba neno lile halistahili kupokewa na mtu mwenye mwiko mkononi. Nilipomaliza alifunga vifungo vya koti. "Mmenipa heshima," akasema. "Sitawaangusha."

Siku ilipofika alituendesha mpaka Laurel kwa gari lake lililooshwa ndani na nje. Tulikuwa watatu, yeye, mume wangu na mimi. Barua ya posa ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe aliyoipiga pindo kwa mkono. Na jamani, alizungumza! Alisema sisi ni wapita njia tulioona taa ikiwaka, tukauliza nyumba hii ni ya nani, tukaambiwa ni ya watu wema. Mama yake Neema alikuwa anafuta macho. Ndugu waliokuja kumsindikiza baba mtu walikuwa wanatikisa vichwa. Mimi moyoni nilikuwa tayari natafuta kitambaa cha harusi.

Kisha chai ikaletwa, chai ya maziwa yenye iliki, na vitumbua. Mama akamimina, akamwekea mshenga kwanza. Na Wakala akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Ahsante mama, mimi nikiwa kazini sinywi."

Nilimwona akijisikia mwenyewe. Neno lilikuwa limetoka kabla yake, kwa mazoea ya miaka yote ile ya milango, na mkono ulibaki pale juu ya kikombe, haujui uondoke au ubaki. Mshenga kukataa chai ya wazazi wa binti! Hata mimi Mkenya nilijua.

Baba yake Neema akaweka kikombe chake chini. "Kazini?" Akamtazama vizuri. "Samahani, wewe si ndiye uliyetuuzia vitabu vile pale?"

Sote tukageuka. Vilikuwa ukutani, vyekundu, vingine bado vimevalishwa plastiki.

"Ndiye mimi," Wakala akasema.

"Aa. Na leo umetuletea bidhaa gani? Ina waranti?"

Ndugu zake wakacheka. Mume wangu akacheka. Mimi nilicheka pia, sijui kwa nini, nadhani kwa woga, lakini kicheko ni kicheko, na Wakala alikisikia kwa sababu niliketi karibu naye. Alijaribu kueleza kwamba si hivyo, kwamba kwake chai ni heshima, lakini mwenye nyumba alishachafuka.

"Binti yangu haposwi na machinga. Kama mnamtaka, nileteeni mtu mzima."

Alikuwa anamwambia maneno hayo mtu aliyemzidi miaka kumi na zaidi. Nilimngoja mume wangu aseme neno. Akalisema. "Pole sana, mzee. Actually tulikosa mtu, ndiyo tukamchukua huyu haraka-haraka. Tutaleta mtu anafaa."

Wakala alikunja leso yake, kona kwa kona, akaiweka mfukoni.

Yeye ndiye aliyeturudisha Wheaton. Fikirieni safari hiyo. Alizungumza habari za magari, kwamba watu wa hapa mvua ikinyesha kidogo tu wanasahau kuendesha. Tulipofika alizima injini akasema, "Tusikate tamaa. Baba wa binti lazima akasirike mara moja."

"Ndiyo, mzee, tutaongea," mume wangu akasema.

Hatukuongea. Tulimpata mtu wa ubalozini, wa makamo, mwenye suti ya kijivu, akaenda akanywa chai na kuomba nyingine, na posa ikakubaliwa. Wakala hatukumwambia lolote. Tungemwambiaje? Kila siku tulisema kesho, na kila nikimsikia kwenye ngazi nilitembea kwa vidole. Kadi ya harusi hatukumpa, kwa sababu kumpa kadi kungetulazimu kuanzia mwanzo. Asubuhi ya harusi tulishuka familia nzima tumevaa vitenge vya sare ambavyo nilivishona mimi, kwenye mashine aliyoniuzia yeye. Alikuwa nje anaosha gari. Alizima maji ili yasiturukie.

"Zimekaa vizuri hizo nguo," akasema. "Nendeni salama."

Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kunichoma kuliko hayo. Nilikaa kwenye harusi ya ndugu yangu nikiwa sisikii muziki.

Baadaye kidogo kazi yake ilikufa. Ensaiklopidia nzima iliingia kwenye kidude kimoja cha kung'aa kinachotiwa kwenye kompyuta, na kampuni ikawaambia mawakala warudishe mikoba. Akahamia Germantown kwa binti wa dada yake, katika chumba cha chini ya nyumba. Alipohama nilikuwa kazini. Nilijiambia ni bahati mbaya.

Ndoa ya Wekesa haikufika mbali kabla haijaanza kuyumba. Alikuwa na kazi mbili na mdomo mkali, na siku moja alimfokea Neema mbele ya wageni, akamwambia kwao walimlea kama yai. Neema akamchukua mtoto akarudi Laurel. Wekesa alipomfuata, baba mkwe alizungumza naye akiwa amesimama mlangoni. "Na wewe sina mazungumzo. Mwambie mshenga wenu aje."

Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo Watanzania walidhani tunalijua. Sisi tulimchukulia mshenga kama dereva wa harusi, akishawafikisha mnamshukuru anaondoka. Kumbe kwao yeye ndiye mwenye ndoa. Ikiharibika ndiye anayeulizwa, na bila yeye hakuna mtu wa kuketi naye. Yule wetu wa suti ya kijivu alikuwa amehamishiwa nchi nyingine na ubalozi wake, na tulipompata kwa simu alitutakia kila la heri.

Wekesa alikonda. Alikuwa analala kwenye kochi letu na viatu. Mume wangu, macho yakiwa kwenye televisheni, akasema, "Si kuna yule mzee wako."

Wangu. Siku hiyo alikuwa wangu.

Nilikwenda Germantown peke yangu Jumapili mchana, na mfuko wa mchele mzuri na kuku, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu ukaenda kuomba jambo kama lile. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno kwa sauti, ndani ya gari, mpaka dereva wa pembeni akanitazama. Nyumba zile za Germantown zote ni sura moja. Niligonga mbili kabla ya kupata yenyewe.

Alikuwa amezeeka kidogo na amenyooka kidogo, kwa kuwa habebi tena mashine. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akauliza habari za Lulu, akauliza habari za jengo. Nikaanza. Nilisema yote, kuanzia kile kicheko, nikafika kwenye kadi, nikafika kwenye vidole vya ngazini. Nikasema Wekesa amemkosea mkewe, mshenga tuliyemweka ameondoka, na tumekuja kwake bila haki yoyote ya kuja. Aliniacha nimalize. Hakunikatisha hata mahali nilipokwama.

"Neema hajambo," akasema nilipomaliza. "Mtoto alikuwa na mafua lakini yamepungua. Nilikuwa kwao juzi."

"Kwao wapi?"

"Laurel. Huwa nakwenda."

Sikuelewa. "Tangu lini, mzee?"

"Tangu walipooana. Mwanzo nilikuwa nampigia simu Neema tu, kumuuliza wanaendeleaje. Aliporudi kwao nikaanza kwenda kwa baba yake." Akacheka kidogo. "Mara ya kwanza hakunifungulia, alidhani nimefuata mambo ya vitabu. Mara ya pili tulizungumza nje, na ilikuwa baridi kweli. Juzi ndiyo kanikaribisha ndani."

"Lakini sisi tulikuwa..." Nikaanza tena. "Tulikuwa tumemweka mtu mwingine."

"Nilisikia. Lakini Mama Lulu, ulikuja kwangu ukaniambia nikamposee ndugu yako, na mimi nikakubali. Hakuna aliyerudi kuniambia niache."

Alilisema bila kinyongo chochote, kama mtu anayekuelekeza ofisi ilipo, na ndiyo maana nilishindwa kuvumilia. Ningependa angenitukana. Nilikaa pale nikitazama zulia la mpwa wake, lenye vipande vya biskuti vya watoto.

Alinieleza walivyokubaliana na baba yake Neema. Jumamosi Wekesa aende, aende na mimi dada yake, mume wangu abaki nyumbani. Asivae miwani nyeusi. Akifika asianze kujitetea, amsikilize mkewe mpaka mwisho, kisha amwombe radhi mbele ya wazazi wake. Yeye Wakala atakuwa ametangulia.

Nilisimama nikamkabidhi mfuko. Akautazama, akanirudishia.

"Huu mpelekee mama yake Neema hiyo Jumamosi. Kuku mweke kwenye barafu. Utaendaje kwao mikono mitupu?"

Akanisindikiza mpaka kwenye gari, mfuko kaubeba yeye, akauweka kiti cha nyuma na kuuegemeza usimwagike. Nikaketi, nikawasha injini. Akainama dirishani akaniambia iwe saa nane kamili, na tusichelewe kama Wakenya.

"Sawa, baba," nikasema.

Sikuwahi kumwita hivyo kabla. Nililisema huku nikitazama usukani, kwa sababu kumtazama yeye nilishindwa.